Je, Wajua? Mafaili Nayo Yana Mkalimani

Sogea kidogo hapa benchi, ndugu yangu. Tuko Ruti, Mbarara, nje ya duka la kuchapa barua, na mbele yetu kwenye foleni yuko jamaa aliyeteremka kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale na flashi mfukoni. Ana PDF ya wasifu wake, anataka kubadilisha namba ya simu tu. Wakati anangoja zamu, hebu nikupe haya.

Wajua kuna programu ya bure inayosoma aina zaidi ya 40 za maandishi na kuandika aina zaidi ya 60? Inaitwa pandoc. Haina dirisha wala vitufe vya kubofya: unaandika amri kwenye skrini nyeusi, nayo inatii.

Unadhani amri yenyewe ni ndefu kama utenzi? Hii hapa: pandoc barua.docx -o barua.epub. Vipande vinne tu, na barua ya Word imegeuka kitabu cha kusomea kwenye simu. Ile docx ya kwanza inabaki vilevile, haijaguswa.

Na aliyeitunga je, bwana mkubwa wa kampuni ya kompyuta? Thubutu! Ni John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliyeitoa mwaka 2006.

Sasa shika hesabu hii. Aina 40 za kuingia mara aina 60 za kutoka ni njia 2,400! Pandoc haikujenga njia zote hizo: kila inachosoma hukigeuza kwanza kuwa umbo moja la katikati, kisha hukitoa kwa umbo unalotaka. Milango 40 ya kuingilia, 60 ya kutokea, jumla 100. Basi.

Unatabasamu? Najua, umeshaliona jambo hilo sokoni Nakivale, Mkongo anapopatana bei na Mrundi, Mnyarwanda na Msomali. Lugha 10 zikitaka kuzungumza mbili mbili, zinahitaji njia 45. Zote zikipitia Kiswahili, njia 10 zinatosha.

Na bando? Ukishaipakua pandoc mara moja, kugeuza barua 1 au barua 300 hakuli hata MB moja. Kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako, intaneti iwepo isiwepo.

Wajua docx ni gunia lililofungwa kamba? Chukua nakala yake, badilisha mkia wa jina uwe .zip, ifungue: utakuta mafolda, na picha zako zote zimejipanga ndani ya word/media. Tazama herufi mbili za kwanza za faili: PK. Hizo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyeleta programu ya kufunga zip mwaka 1989, na kila docx unayotuma inambeba hadi leo.

Programu ya LibreOffice nayo inageuza mafaili bila kufungua dirisha. Unaandika soffice --headless --convert-to pdf *.docx, na folda nzima inakuwa PDF kwa mstari mmoja. Lile neno la pili, ukilitafsiri, ni “bila kichwa”!

Babu wa LibreOffice ni OpenOffice, na huyo alizungumza Kiswahili zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Pandoc ikitaka kutoa PDF, kwa kawaida humwita fundi mwingine aliyezaliwa kwa TeX, kazi ya Donald Knuth ya mwaka 1978. Namba za matoleo ya TeX zinaikimbilia pai: la mwaka 2021 ni 3.141592653. Aliyemwonyesha Knuth kosa ndani yake alipewa zawadi, iliyopanda hadi dola 327.68, na wengi waliitundika hundi ukutani badala ya kuipeleka benki.

Hapa Ankole, nchi ya ng’ombe wenye pembe ndefu, hili litakuchekesha. Kompyuta ikisoma vibaya ule mkato wa ng’, ng’ombe wako anatoka “ngâ€™ombe”. Mkato mmoja umezaa alama tatu, pembe kila upande!

Kinachozuia ajali hiyo ni UTF-8, mpango wa kuandika herufi za lugha zote. Ken Thompson aliuchora mwaka 1992 juu ya karatasi ya kutandika mezani, akila chakula cha jioni na Rob Pike kwenye mkahawa wa New Jersey. Labda benchi kama hili nalo lina bahati yake.

Lakini Kiswahili, ukikiandika kwa mkato wa kawaida, kinaenea chote ndani ya ASCII, jedwali la mwaka 1963 lenye nafasi 128 tu. Nakivale imekuwa makazi rasmi ya wakimbizi tangu 1960. Naam, Nakivale ina umri mkubwa kuliko jedwali hilo!

Na Kiswahili chenyewe kimeshageuzwa umbo. Barua zake za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizohifadhiwa Goa, India, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo tunaandika kwa herufi za Kirumi, na maneno ni yaleyale.

La mwisho, maana jamaa yetu anaitwa ndani. Pandoc inaweza kuandika PDF, lakini haiwezi kuisoma! PDF, iliyoletwa na Adobe mwaka 1993, hushika mahali pa kila herufi kwenye ukurasa, na mara nyingi aya zenyewe haizijui. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, ndugu yangu, peleka PDF ofisini, lakini docx yako usiifute.