Sefu Nzito ya Eldoret na Mwizi wa Kesho

Kuna kisa ambacho wazee wa Eldoret hawachoki kukisimulia. Mwaka 1912, wakati wenyeji wakiuita mji huu Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi yao, kwa sababu ulianzia kwenye shamba nambari 64, sefu ya Standard Bank of South Africa ilianguka ikiteremshwa kutoka kwenye gari la ng'ombe. Watu wakajaribu kuinyanyua, wakashindwa. Basi benki ikajengwa pale pale, kuta zikaizunguka sefu. Pesa zilikuwa salama kwa sababu moja tu: hakuna mwizi aliyekuwa na mgongo wa kubeba mzigo ule.

Sarafu za kidijitali kama Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, zinalindwa kwa hoja iyo hiyo. Mwenye sarafu ana ufunguo wa siri, na kutokana nao kompyuta hutengeneza ufunguo wa umma ambao yeyote anaweza kuuona. Mkazi wa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, ataelewa haraka: kusaga mahindi ni kazi ya dakika chache, lakini nani amewahi kuurudisha unga ukawa punje? Ufunguo wa siri ndio punje, ufunguo wa umma ndio unga.

Mwaka 1994, mwanahisabati Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikiwa kubwa vya kutosha, inaweza kuurudisha unga huo ukawa mahindi. Wakati huo mashine yenyewe haikuwapo. Leo mashine zipo, ila bado changa. Chipu ya Willow, iliyotangazwa na Google Desemba 2024, ina kyubiti 105, yaani vipande vya msingi vya kompyuta ya kwanta. Mei 2025, mtafiti wa kampuni hiyo, Craig Gidney, alikadiria kwamba kufuli ya RSA ya biti 2048, ya aina nyingine inayovunjwa na mbinu hiyo hiyo ya Shor, inaweza kuvunjwa kwa muda usiofika wiki moja na mashine yenye kyubiti pungufu ya milioni moja. Kutoka 105 hadi huko ni mbali, lakini makadirio ya awali yalikuwa ya mamilioni mengi. Mwizi hajafika, ila anajenga misuli.

Hapo ndipo walipotokea wauzaji wa sarafu "zisizovunjika". Si wote ni matapeli. Mtandao wa Quantum Resistant Ledger ulianza mwaka 2018 ukitumia saini (uthibitisho kwamba mtumaji ana ufunguo wa siri) za XMSS, zinazotegemea hisabati ambayo mbinu ya Shor haiigusi. Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha kanuni rasmi za kuhimili kwanta, zikiwemo ML-DSA na SLH-DSA za kutia saini. Kinga hizo zina gharama. Saini ya kawaida ya Bitcoin ni baiti zipatazo 70, ilhali ile ndogo kabisa ya ML-DSA ni baiti 2,420. Daftari la miamala linalobeba saini nene hujaa upesi.

Lakini kufuli nzuri haiongezi thamani ya kilichomo ndani. Unaweza kufunga ghala tupu kwa kufuli ya chuma, na likabaki tupu. Isitoshe, kanuni za NIST si siri ya mtu. Benki na kampuni za simu zinaweza kuzitumia, na hata Bitcoin inaweza kubadili kufuli yake watumiaji wakikubaliana. Kazi hiyo si nyepesi, kwa kuwa Bitcoin haina makao makuu ya kutoa amri, na kila mwenye sarafu atalazimika kuhamisha zake mwenyewe. Ila siku wakifaulu, sarafu iliyouzwa kwa sifa hiyo pekee itabaki na nini?

Tena, mwizi wa leo hahitaji kyubiti hata moja. Hukupigia simu kwa sauti tamu, akakuomba yale maneno 12 au 24 ya kufungulia pochi yako. Au hukuingiza kwenye kundi la WhatsApp, akakuonyesha picha za faida na kukuhimiza ulete jamaa zako. Hakuna kanuni ya hisabati inayomkinga aliyefungua mlango mwenyewe.

Kenya sasa ina pa kuanzia. Sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025, na usimamizi wake uko mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji ni leseni. La pili ni jina la kanuni ya saini anayotumia, na iwe inayojulikana, kwani neno "kwanta" kwenye bango si kanuni. La tatu ni watu wanaitumia sarafu hiyo kwa kazi gani, mbali na kungoja ipande bei. Anayekuahidi faida ya uhakika, usimuulize la nne.

Kabla ya mvua za kupanda, mkulima wa Moiben, Uasin Gishu, haridhiki na picha ya hindi lililonona kwenye pakiti ya mbegu. Hukwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika linalokagua mbegu, akatuma nambari kwa 1393, akangoja jibu ndipo alipe. Akiwa mwangalifu hivyo kwa pakiti ya kilo mbili, asikubali kutoa pesa za mavuno mazima kwa sarafu ambayo hajaikwangua.