Mödlareuth: Kijiji Kimoja, Majimbo Mawili

Mödlareuth ni kijiji kidogo cha wakulima kilichoko karibu na mji wa Hof, katikati ya Ujerumani, mahali ambapo jimbo la Bavaria linapakana na jimbo la Thuringia, na idadi ya wakazi wake wote ni watu wapatao 50 tu. Kijiji kimelala katika bonde lenye kina kifupi, kikiwa kimezungukwa na malisho ya ng'ombe, mashamba ya nafaka na viazi, na misitu ya misonobari inayofunika vilima vya jirani. Majira ya baridi katika eneo hilo huwa marefu na makali, kiasi kwamba Wajerumani wa sehemu nyingine wamezoea kuliita eneo la Hof "Siberia ya Bavaria". Katikati ya kijiji hupita kijito kiitwacho Tannbach, ambacho ni chembamba sana, na mtu mzima anaweza kukivuka kwa hatua moja bila kulowesha viatu, ingawa kijito hicho ndicho kilichoifanya historia ya Mödlareuth ijulikane duniani kote.

Nchi yenyewe haikuwa na sababu yoyote ya kukigawa kijiji hiki. Udongo wa pande zote mbili ni uleule, mvua ni ileile, na watu wa pande zote mbili walikuwa wakulima waliooana, wakazikana na kusaidiana kazi za mavuno kwa vizazi vingi. Mpaka ulitokana na watawala. Tangu karne ya 16, kijito cha Tannbach kilitenganisha ardhi za makabaila wa Bayreuth na zile za nasaba ya Reuss, familia iliyotawala maeneo madogo ya Thuringia na ambayo, kwa desturi ya pekee, iliwapa watoto wake wote wa kiume jina moja la Heinrich na kuwatofautisha kwa namba. Ujerumani ya zama hizo haikuwa dola moja, bali mkusanyiko wa tawala nyingi kubwa na ndogo, na kwa hiyo mpaka wa kupita katikati ya kijiji haukuwa jambo la ajabu. Mwaka 1810, Bayreuth ilipoingizwa katika Ufalme wa Bavaria, yalisimikwa mawe ya mpaka kando ya kijito, yakiwa na herufi KB upande mmoja kwa ajili ya Ufalme wa Bavaria, na FR upande wa pili kwa ajili ya utawala wa Reuss.

Mawe hayo hayakumzuia mtu yeyote kwenda alikotaka. Shule na nyumba ya wageni, ambayo ndiyo iliyokuwa baraza la kijiji kwa mazungumzo na sherehe, vilikuwa upande wa Thuringia, na watoto wa upande wa Bavaria walivuka kijito kwenda kusoma kama wenzao, ilhali siku ya Jumapili wanakijiji wote walielekea kanisani Töpen, kijiji cha jirani kilichoko Bavaria. Tofauti ilionekana pale tu mtu alipolipa kodi, alipoandikisha ndoa au alipoitwa jeshini. Hata wafalme na wana wa wafalme walipong'olewa madarakani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na jimbo la Thuringia likaundwa mwaka 1920 kwa kuunganisha tawala ndogo za eneo hilo, mstari uliopita kwenye kijito ulibaki palepale, ukawa mpaka wa majimbo mawili ya jamhuri moja, nao ukaendelea kuwa jambo la ofisini zaidi kuliko la maisha ya kila siku.

Mambo yalibadilika mwaka 1945, Ujerumani iliposhindwa katika Vita vya Pili vya Dunia na washindi kuigawa nchi katika maeneo ya ukaliaji, yaani sehemu ambazo kila jeshi la washindi lilizisimamia kwa niaba ya wote. Katika kuchora maeneo hayo, washindi walitumia mipaka ya zamani ya majimbo, na hivyo mstari wa mawe ya 1810 ukapewa uzito ambao waliousimika hawakuuwazia kamwe. Thuringia, ambayo Wamarekani walikuwa wameiteka mwezi Aprili, ilikabidhiwa kwa Wasovieti mwanzoni mwa Julai kufuatana na mapatano ya washindi, ilhali Bavaria ilibaki chini ya Wamarekani. Askari wa Kisovieti waliofika Mödlareuth walikikalia kijiji chote kwa muda, upande wa Bavaria ukiwamo, hadi waliporudi nyuma ya kijito mwaka 1946. Mwaka 1949 zikazaliwa nchi mbili: Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani upande wa magharibi, iliyoungwa mkono na Marekani na washirika wake, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani upande wa mashariki, iliyofuata siasa ya kikomunisti chini ya ulinzi wa Umoja wa Kisovieti. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kwamba mgawanyiko huohuo ulifika hadi Zanzibar, ambayo mwaka 1964 iliitambua Ujerumani ya Mashariki na baadaye ikajengewa kwa msaada wake majumba ya ghorofa kama yale ya Kikwajuni, jambo lililoitia serikali ya Muungano katika mvutano mkali na Ujerumani ya Magharibi.

Katika miaka ya kwanza, wanakijiji wa Mödlareuth bado waliweza kuvuka kijito kwa kibali maalumu cha watu wa mpakani. Njia hiyo ilifungwa tarehe 26 Mei 1952, siku ambayo Ujerumani ya Magharibi ilitia saini mkataba uliozidi kuifungamanisha na nchi za Magharibi, na serikali ya Mashariki ikajibu kwa kutangaza kanuni mpya za mpaka. Ukanda wa mita 10 kando ya mstari ulilimwa na kusawazishwa kwa reki, ili nyayo za mtu yeyote aliyeukanyaga zionekane. Ukanda wa mita 500 ulifuatia, ambao kuishi ndani yake kulihitaji ruhusa ya pekee na mienendo ya usiku ilidhibitiwa, na nyuma yake eneo la kilomita 5 ambalo mgeni hakuingia bila kibali cha polisi. Mwezi uliofuata, zaidi ya watu 8,000 waliokuwa wakiishi kandokando ya mpaka wote wa Ujerumani mbili waliondolewa makwao kwa nguvu, kwa kuwa walidhaniwa kutokuwa waaminifu kwa serikali, katika operesheni ambayo wakuu wa Thuringia waliipa jina la "Wadudu Waharibifu". Jina hilo linatosha kuonyesha jinsi dola inavyoweza kuwadharau raia wake yenyewe, watu waliokuwa wamelima ardhi hiyo kabla ya serikali hiyo kuwapo. Katika kijiji chenyewe uzio wa mbao mrefu kuliko kimo cha mtu ulisimamishwa, na ndugu waliokuwa wakionana kila siku wakatenganishwa kwa muda wa siku chache tu.

Askari wa Kimarekani walikipa kijiji hiki jina la "Berlin Ndogo", nalo jina hilo limeenea mno, lakini linaweza kumpotosha msomaji. Ukuta wa Berlin ulijengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961, wakati Mödlareuth ilikuwa imekwisha kufungwa kwa miaka tisa. Kwa muda wote huo, Berlin ilibaki kuwa mlango ambao mamia ya maelfu ya watu waliutumia kuihama Mashariki, na mji ule ulikuwa na mabalozi, waandishi wa habari na majeshi ya mataifa manne yaliyotazamana, ilhali wakulima wa kijiji cha bondeni walifungiwa bila dunia kupiga kelele. Upande wa Mashariki, mashamba ya watu binafsi yaliunganishwa katika vyama vya uzalishaji vya ushirika, na kufikia mwaka 1960 karibu wakulima wote wa nchi hiyo walikuwa wameingizwa humo, wengi wao kwa kushurutishwa, huku jirani zao wa ng'ambo ya kijito wakiendelea kulima kila mtu shamba lake.

Uzio wa mbao ulifuatwa na seng'enge, kisha mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege wenye urefu wa takriban mita 700 na kimo cha mita 3.3. Sababu ya kujenga ukuta badala ya uzio wa waya, kama uliowekwa sehemu kubwa ya mpaka wenye urefu wa karibu kilomita 1,400, ilikuwa ukaribu wa nyumba, kwa maana penye uzio wa waya watu wa pande mbili wangeendelea kuonana, na kilichotakiwa kuzuiwa hakikuwa miguu peke yake bali pia macho. Wakazi wa Mashariki walikatazwa kuwapungia mkono au kuwasalimu watu wa ng'ambo, hata kama aliyesimama huko alikuwa dada au binamu. Watalii wa Magharibi walifika hadi ukingoni mwa kijito kuutazama ukuta, na Februari 1983 alifika George H. W. Bush, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, wakati majirani wa upande wa pili hawakuruhusiwa hata kuwaalika jamaa zao kutoka mji mwingine bila kibali. Mwezi Mei 1973, mtu mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kuendesha gari katika eneo la mpaka alilisogeza gari lake hadi ukutani, akasimamisha ngazi juu yake, akaruka hadi Bavaria akiwa mzima.

Baada ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, watu wa Mödlareuth walilazimika kungoja mwezi mzima, hadi tarehe 9 Desemba, ndipo njia ya waenda kwa miguu ilipofunguliwa kwenye ukuta wao. Tarehe 17 Juni 1990 tingatinga lilianza kuubomoa, nayo ilikuwa siku ambayo Ujerumani ya Magharibi iliiadhimisha kila mwaka kukumbuka uasi wa wafanyakazi wa Mashariki wa mwaka 1953. Si wote waliotaka ukuta uishe kabisa, na ni uamuzi wa busara kwamba kipande cha takriban mita 100 kiliachwa kisimame pamoja na mnara wa ulinzi, vikawa kiini cha makumbusho yaliyoanzishwa mwaka huohuo, kwani kizazi kilichozaliwa baadaye kingepata taabu kuamini kwamba kijito kama kile kiliwahi kulindwa na askari wenye bunduki.

Wengi hudhani kwamba kuungana kwa Ujerumani tarehe 3 Oktoba 1990 kulikiunganisha kijiji pia, lakini kisheria sivyo. Serikali ya Mashariki ilikuwa imefuta majimbo yake mwaka 1952, na yaliporudishwa mwaka 1990, mpaka wa Thuringia na Bavaria ulirudi palepale ulipokuwa, juu ya mawe ya 1810. Kwa hiyo sehemu ya kaskazini ya Mödlareuth iko chini ya mji wa Gefell katika Thuringia, na ya kusini chini ya Töpen katika Bavaria, kila moja ikiwa na meya wake, msimbo wake wa posta, msimbo wake wa simu na namba tofauti za magari. Hata salamu hutofautiana, kwani wa kusini husalimiana kwa kulitaja jina la Mungu, kama ilivyo desturi ya Bavaria, ilhali wa kaskazini hutakiana siku njema. Tofauti hizi hazimuumizi mtu tena, maana kila mmoja huvuka apendavyo, na sherehe za kijiji hufanywa na watu wote kwa pamoja. Sikukuu za umma, hata hivyo, hupangwa na kila jimbo. Tarehe 31 Oktoba, Thuringia huadhimisha Siku ya Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther, na watu wa kaskazini mwa kijito hupumzika wakati wa kusini wanakwenda kazini. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Bavaria huadhimisha Siku ya Watakatifu Wote, na zamu ya kupumzika huwa ya watu wa kusini.