Kasekese: nishati nafuu inayosubiri msimu wa mavuno

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo likifika Kasekese, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, linakutana na hesabu nyingine. Kuni zinatoka porini, na gharama yake ni mgongo wa mama na saa za binti. Anayekuja na jiko la kuuza anashindana na mafiga matatu yasiyonunuliwa na moto usiolipiwa hata shilingi.

Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), imekuwa ikigawa mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Kwa mtazamo wa biashara, mtungi wa kwanza ndio sehemu rahisi. Shida inaanza gesi inapokwisha. Mkaa unapimwa kwa kopo na mafuta ya kula kwa kipimo kidogo, lakini mtungi hujazwa wote kwa mkupuo, na mwenye shilingi elfu mbili mkononi hana la kufanya. Dar es Salaam kampuni ya KopaGas ililiona pengo hilo ikafunga mita kwenye mtungi, mteja akalipia kwa simu kiasi alichonacho. Mwaka 2020 Circle Gas iliinunua teknolojia hiyo. Jijini inawezekana, kwa sababu wateja wamebanana mtaa mmoja na pikipiki ya kubadilisha mitungi haiendi mbali. Kuifikisha Kasekese ni suala la barabara kabla ya kuwa suala la mita.

Umeme nao una hesabu yake, tena ya kuvutia kuliko watu wanavyodhani. Mteja mdogo wa TANESCO hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hupanda hadi shilingi 350. Chukua nyumba yenye balbu nne za kizamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku. Kwa mwezi zinakula uniti 36, karibu nusu ya posho yote ya bei nafuu. Badilisha ziwe za LED za wati 9: zinakula uniti 5.4. Uniti 30 zimeokolewa bila mtu kujifunza lolote zaidi ya kuzungusha balbu.

Na uniti hizo 30 zina kazi. Jiko la umeme la presha lenye wati 1,000, hata lingevuta umeme mfululizo kwa saa nzima, lingekula uniti moja. Halifanyi hivyo: likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe, huku ukuta wake ukihifadhi joto. Sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya shilingi 100. Shirika la TaTEDO limekuwa likiyanadi majiko haya kwa miaka kadhaa. Kikwazo ni bei ya kununulia, pamoja na umeme wenyewe: kwa muda mrefu mji wa Mpanda, hukohuko Katavi, uliendeshwa kwa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa, na mpishi aliyewahi kukatikiwa umeme ugali ukiwa jikoni hasahau upesi.

Kwa wasiofikiwa na nguzo, mfano bora bado ni jiko la mkaa lenye kiuno chembamba lililoenea kutoka Kenya miaka ya 1980. Wazo lilitoka Thailand, likarekebishwa Nairobi: bati nje, udongo wa kuchoma ndani. Lilisambaa kwa sababu fundi wa bati na mfinyanzi waliweza kulitengeneza kila mmoja kwa upande wake, wakashindana, bei ikashuka. Udongo ukipasuka, unabadilishwa udongo tu. Ningekuwa na mtaji wa kuwekeza Katavi, ningeupeleka kwa mafundi wa aina hiyo Mpanda mjini kabla ya kuagiza kontena la majiko ya kisasa yasiyo na vipuri.

Kuna kifaa rahisi kuliko vyote, na karibu hakuna anayekitangaza: kapu la kuhifadhi joto. Kapu la ukindu, sufi au blanketi kuukuu ndani yake, sufuria iliyochemka inafunikwa humo na wali unamalizikia wenyewe. Halina mtambo wala hakimiliki, kwa hiyo halina wakala wala tangazo la redio. Lingepaswa kuuzwa na akina mama wanaosuka.

Linabaki suala la malipo. Kampuni za sola, kama ile iliyoanzia Arusha mwaka 2012 kwa jina la Off Grid Electric, ziliwazoesha watu kulipa kidogo kidogo kwa simu, mtambo ukijifunga deni likichelewa. Mpango huo unamfaa mwenye duka au mshahara. Mkulima wa tumbaku au mpunga ana miezi ya fedha na miezi mikavu. Vyama vya msingi vya tumbaku tayari hukopesha mbolea na kukata deni siku ya mauzo. Jiko la presha, balbu za LED au jiko la udongo vinaweza kuingia kwenye daftari hilohilo, deni likakatwa tumbaku inapopimwa.