JUA LA GASENYI NA DEREVA WA PIKIPIKI

Ukisimama saa saba mchana kwenye njia panda ya Gasenyi, mwezi wa nane, utaona jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni tena. Pikipiki zimepangwa mstari mmoja, vyuma vyake havishikiki kwa mkono. Juu yake wamekaa vijana na watu wazima, helmeti kichwani au mapajani, wanangoja abiria wa kupanda kilimani. Hapana mti, hapana paa. Mvua haijanyesha kwa miezi miwili na zaidi, na vumbi la barabara limekaa kwenye kope. Wanangoja hivyo saa nzima, pengine saa mbili, kwa ajili ya safari ya dakika kumi.

Gasenyi iko kaskazini-mashariki ya Bujumbura, mahali mji unapoanza kupanda vilima. Wengi wanaijua siku hizi kwa sababu ya Ikulu mpya iliyojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 2019. Sisi tunaijua kwa sababu nyingine. Wanachama wetu wengi wanakaa sehemu hizo, wanakwenda kiwandani kwa pikipiki, na wako wanaoendesha pikipiki baada ya zamu ili watoto wale. Habari hii tunaiandika kwa ajili ya mwenzetu mmoja wa namna hiyo.

WALISEMA AMELEWA

Mwenzetu huyu tumemfahamu kwa miaka mingi. Usiku yuko kiwandani mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mchana anaendesha pikipiki ya tajiri, kwa sababu mshahara wa usiku haufiki mwisho wa mwezi. Kila jioni lazima ampelekee tajiri pesa yake, awe amepata abiria au hakupata.

Kiangazi cha mwaka jana alitoka zamu, akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya petroli, au esansi kama tunavyosema hapa. Ninyi nyote mnajua foleni hizo zilivyotutesa miaka hii. Alikaa juani tangu asubuhi. Tumboni mlikuwa na kikombe kimoja cha chai. Alipopata lita zake chache hakurudi nyumbani kulala. Alikuja Gasenyi kutafuta pesa ya tajiri.

Yapata saa nane, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwita. Akajibu maneno yasiyoeleweka. Akajaribu kuipiga kiki pikipiki, mguu ukakosa. Akajaribu tena, akaanguka nayo chini. Mungu alisaidia, yule mama alikuwa hajapanda bado.

Waliokuwapo walicheka. Mmoja akasema, "Huyu amelewa tangu asubuhi." Mwingine akasema, "Ni malaria, mpeni vidonge." Muuza ndizi mmoja ndiye aliyemgusa shingoni, akapiga kelele, "Jamani, baba huyu anaungua!" Akammwagia ndoo yake yote ya maji, akaagiza nyingine, akamburuta mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Alilazwa siku tatu hospitali, akapona. Daktari alisema kwamba zile ndoo mbili za maji ndizo zilizomwokoa.

Mwenzetu huyu ni mtu wa msikitini, hajaonja pombe maishani mwake. Na sisi wenyewe tukiri kosa letu: habari ilipotufikia mara ya kwanza, tulisema pia kwamba ni malaria. Hatukujua. Ndiyo maana tumekwenda kuuliza kwa wanaojua, na sasa tunawaletea.

JOTO LINAFANYA NINI MWILINI

Mwili wa binadamu unataka kukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Ukipata joto zaidi, unatoa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Hiyo ndiyo mashine yetu ya kupoza, na mafuta yake ni maji. Mtu afanyaye kazi juani anaweza kupoteza hata lita 1 ya maji kwa saa. Mtu wa kilo 60 akipoteza lita moja na kidogo tu, akili inaanza kuwa nzito na macho yanachelewa kuona. Kwa mkata miwa hilo ni hatari ya panga. Kwa dereva wa pikipiki ni hatari ya breki, na nyuma yake kuna roho ya mtu mwingine.

Watu husema, "Dereva wa pikipiki hapati joto, anapigwa na upepo." Maneno hayo ni nusu ya kweli. Pikipiki ikienda, upepo unapoza. Lakini upepo huo huo unakausha jasho mara moja, hata mtu hajui kwamba ametoa jasho. Shati ni kavu, naye anadhani ana maji mwilini, kumbe anakauka kama samaki wa Rumonge. Na pikipiki ikisimama, kwenye foleni, kwenye kizuizi, au njia panda, upepo unakwisha. Jua linapiga juu, lami inarudisha joto kutoka chini, na injini iko katikati ya magoti. Sehemu kubwa ya moto wa petroli haigeuki kuwa mwendo. Inatoka kama joto, na anayelipokea ni dereva. Kwa hiyo jueni hivi, ndugu: joto linamshika dereva zaidi anaposimama kuliko anapokwenda.

Kuna jambo lingine la nchi yetu. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 na kitu juu ya bahari. Bugarama, safari fupi tu kwa barabara ya milimani, iko juu ya mita 2,000, na asubuhi watu wanavaa makoti. Vijana wengi wanashuka kutoka huko kutafuta kazi mjini. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto. Kijana aliyeshuka jana na kupewa pikipiki leo yuko katika hatari kuliko sisi tuliozaliwa Buyenzi. Ni hivyo hivyo kwa kibarua mpya kwenye mpunga wa Imbo, michikichi ya Rumonge au miwa ya Moso. Mgeni apewe kazi nyepesi siku za kwanza. Huko si kumdekeza, ni kumlinda.

DALILI, NA LA KUFANYA

Joto linakuja kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi na uchovu. Hapo mtu aache kazi, akae kivulini, afungue vifungo, avue helmeti, anywe maji kidogo kidogo. Baada ya muda atapata nafuu.

Hatua ya pili ni ya kifo. Mwili umepita nyuzi 40. Mtu anasema ovyo, anapepesuka, anakasirika bila sababu, au anazimia. Ngozi ni ya moto, na inaweza kuwa kavu au bado ina jasho. Huyu ndiye tunayesema amelewa. Huyu ndiye tunayempa vidonge vya malaria. Ndugu, msingoje gari. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa chochote, na wekeni vitambaa vyenye maji shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Mpozeni kwanza huku mmoja anatafuta gari, na mwendelee kumpoza njiani. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maji yatampalia.

Kama ni malaria kweli, hospitali watapima. Lakini dakika zinazopotea kwa kubishana haziwezi kurudi.

TUJIKINGE

Heri kinga kuliko tiba. Kunywa maji kabla ya kiu, kwa sababu kiu huja kwa kuchelewa. Juani, kunywa kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20. Tazama mkojo wako: ukiwa mweupe, vema, ukiwa kama chai, umechelewa. Chupa ifungwe kwenye pikipiki kama vile spana inavyofungwa.

Aliyetoa jasho siku nzima anahitaji chumvi pia. Chakula cha nyumbani kinatosha mara nyingi. Kwa aliyekwisha choka, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Pima sawasawa, maana chumvi ikizidi inadhuru. Bia baridi haihesabiwi hapa. Pombe inatoa maji mwilini.

Vaa shati la pamba la mikono mirefu, la rangi nyeupe au hafifu. Anayeendesha mikono wazi anadhani anapata ubaridi, kumbe jua linamla. Funga shingoni kitambaa kilicholowa maji. Helmeti usiiache kwa sababu ya joto, ni ulinzi wa ubongo wako. Ivue ukisimama, ivae ukiondoka. Aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza, hata saa tatu tu. Mwili usiolala haupambani na joto.

LAKINI KIVULI HAKINUNULIWI NA MTU MMOJA

Hapa tunafika kwenye neno letu. Mashauri haya ni mazuri, lakini mwenzetu aliyeanguka hakukosa akili. Alikosa kivuli, alikosa maji, alikosa usingizi, na alikuwa na deni la jioni. Dereva wa pikipiki husema, "Mimi sina bosi." Basi hiyo pesa ya kila jioni unampelekea nani? Bosi yupo, isipokuwa hana kiwanda, hana kitabu cha sheria ukutani, na hana mahali pa kumpelekea malalamiko.

Wala si jambo la Gasenyi peke yake. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 wanapata joto la kupita kiasi kazini, na kwamba karibu watu 19,000 wanakufa kwa sababu hiyo kila mwaka. Katika Afrika, ni zaidi ya 9 katika kila wafanyakazi 10. Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa kwa maelfu wameharibikiwa figo, na madaktari wanaona kazi nzito juani bila maji ya kutosha kuwa sababu kubwa. Baada ya kuona hivyo, mashamba kadhaa ya huko yalianza mpango wa mambo matatu: maji, kivuli, na mapumziko ya saa maalum.

Uarabuni, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika ya Mashariki wanafanya kazi, Oman ina mapumziko ya lazima mchana wa jua kali. Qatar mwaka 2021 ilikataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Mwaka 2022 iliwakataza hata wapeleka vyakula kwa pikipiki saa hizo za kiangazi. Sheria hizo hazikushuka kama mvua. Zilikuja baada ya vifo na baada ya kelele nyingi za vyama vya wafanyakazi duniani. Na mwezi Juni 2022, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva uliiweka kazi salama na yenye afya katika haki za msingi za mfanyakazi.

Je, sisi tudai nini? Tudai paa kwenye vituo vya pikipiki, hata la mabati na miti minne. Tudai bomba au pipa la maji ya kunywa. Kwenye foleni za petroli, tudai namba zigawiwe asubuhi, ili mtu angoje kivulini. Tajiri apunguze hesabu siku ambazo petroli haipatikani, na asidai pesa ya siku ambazo mtu amelazwa. Viwandani na mashambani, tudai kazi nzito ifanywe asubuhi mapema, na mapumziko ya mchana yawe mapumziko ya kweli.

Gasenyi wenyewe wameanza bila kungoja. Baada ya ajali ile, madereva wa kituo kile walikaa kikao. Sasa wanapanga zamu: watatu wanabaki na pikipiki zote, wengine wanakaa chini ya ukuta wenye kivuli, na kila nusu saa wanabadilishana. Kila mtu anatoa faranga kidogo asubuhi, linajazwa dumu moja la maji. Yule muuza ndizi ndiye mtunza dumu. Abiria hawakupungua, na mpaka tunaandika hakuna mwingine aliyeanguka.

Mwenzetu amerudi kazini. Tulipomwuliza anasemaje kwa wasomaji, alifikiri kidogo, akasema: "Waambieni wakimwona mtu anapepesuka mchana wa kiangazi, wamguse shingo kabla ya kucheka."

Ndugu wafanyakazi, neno hilo litatoka kwenye kituo chenu kwenda kituo kingine kama mkilipeleka. Umoja ni nguvu.