Fahamu: Kanuni ya asilimia 30 katika gharama za makazi

Kanuni hii huelekeza kwamba kodi ya nyumba, pamoja na maji na umeme, isizidi asilimia 30 ya pato ghafi la kaya, yaani mapato kabla ya makato.

Chimbuko

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1969 iliyotokana na hoja ya Seneta Edward Brooke iliweka ukomo wa asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba za umma, ukomo ambao mwaka 1981 ulipandishwa hadi 30 katika hatua za kubana matumizi ya serikali.

Udhaifu

Kipimo hiki hakiangalii kinachobaki: kaya yenye pato la shilingi 300,000 hubakiwa na 210,000 za chakula, nauli na matibabu, ilhali yenye milioni 3 hubakiwa na milioni 2.1. Jijini Dar es Salaam, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo, hesabu ya mwezi haimsaidii sana mpangaji asiye na akiba.