Kutoka Mbaraki hadi Nchi za Kibudha: Adabu za Msafiri

Mnara wa Mbaraki, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karibu na kivuko cha Likoni mjini Mombasa, ni pahali ambapo ibada za aina mbili zimekaa jirani kwa muda mrefu: ubavuni mwake pana msikiti wenye asili ya karne ya 15, na ndani ya uwazi wa mnara wenyewe watu walikuwa wakienda kufukiza ubani na kumwaga marashi kwa ajili ya pepo aliyeaminiwa kukaa humo. Mkazi wa mtaa huo, hata asipoafiki mambo hayo, amekulia katika mazoea ya kutoingilia pahali patakatifu pa wengine kwa kicheko. Mazoea hayo humfaa sana avukapo bahari kwenda kwa majirani kama Sri Lanka au Tailandi, ambako walio wengi hufuata Ubudha wa tapo la Theravada, yaani tapo kongwe linaloshikilia nidhamu ya watawa. Lakini hayamtoshi, kwa kuwa baadhi ya yale yanayohesabiwa kuwa heshima Mombasa huko ni utovu wa adabu.

Jambo la viatu halimsumbui. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba wenyeji walitembea pekupeku, na kwamba aliyetaka kuingia msikitini aliteka maji kisimani mlangoni, akaosha miguu, kisha akafuta nyayo kwenye mkeka mnene. Mwaka 1344 msafiri huyohuyo alikuwa Sri Lanka akipanda mlima wa Sri Pada, ambao kileleni pana alama ya wayo: Wabudha husema ni wa Buddha, Waislamu husema ni wa Nabii Adam, na Wahindu humtaja Shiva. Tofauti na msikitini ni kwamba katika mahekalu mengi ya Sri Lanka viatu huvuliwa tangu kwenye lango la uwanja, na mawe ya uwanja huo adhuhuri huunguza kwelikweli, hata wageni wengine hubaki na soksi. Aliye na busara huenda alfajiri.

Kofia ndiyo inayomnasa mtu wa pwani. Kofia ya kiua, ambayo Mji wa Kale ni pambo la mtu mstahiki na huingia nayo msikitini, hekaluni Sri Lanka huvuliwa pamoja na viatu. Kanzu, kwa upande wake, haina neno, maana waumini wenyewe huenda hekaluni wamevaa nyeupe, na sharti la mavazi ni kufunika mabega na magoti.

Mkono nao una mipaka. Mtawa hapewi mkono. Husalimiwa kwa kuunganisha viganja, na mwanamke hamgusi kabisa, kiasi kwamba Tailandi akitaka kumpa kitu hukiweka juu ya kitambaa ambacho mtawa amekitandaza. Sanamu ya Buddha haipigwi picha kwa kuipa mgongo, na sheria haina mzaha: mwaka 2012 watalii watatu kutoka Ufaransa walihukumiwa Sri Lanka kwa sababu ya picha za kuibusu sanamu, ingawa kifungo chao kiliahirishwa.

Mwislamu anayehofia kwamba kuingia hekaluni ni kushiriki ibada hana sababu ya kuhangaika, kwa kuwa mgeni hadaiwi maua wala kusujudu, na aonaye uzito akibaki nje hapana atakayemlaumu. Huko Sri Lanka, mjini Colombo kwenyewe, katika soko la Pettah, upo Msikiti Mwekundu uliokamilika mwaka 1909, na chakula cha halali hakitafutwi mbali.

Yaliyobaki ni ya makaratasi na kalenda. Atokaye Kenya hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa jioni ya kuamkia safari ni kujitafutia balaa kwenye uwanja wa ndege. Tena kila mwezi mpevu Sri Lanka huwa sikukuu iitwayo Poya, siku ya ibada ambapo ofisi za serikali na benki hufungwa, na mfanyabiashara mwenye miadi yake Colombo hana budi kuitazama tarehe hiyo kabla ya kukata tiketi.