Kulinda Ndege: Viwanja vya Maktau na Mbuyuni katika Vita vya Taita Taveta, 1915–1916

Makala haya yanahusu jambo ambalo aghalabu halijadiliwi katika majarida ya vyama vya Kiswahili, yaani jinsi jeshi linavyokilinda kiwanja chake cha ndege. Vita vya Afghanistan vya 2001 hadi 2021 vilitangazwa kwa Kiswahili kwa muda wa miaka 20, na majina kama Kandahar na Bastion yakawa ya kawaida masikioni mwa wasikilizaji wa redio kutoka Lamu hadi Bukavu. Wachache miongoni mwetu wanakumbuka kwamba tatizo lililowashughulisha Waingereza katika jangwa la Helmand liliwahi kuwashughulisha hapa petu, kwenye nyika iliyo kati ya Voi na Taveta, karibu karne moja kabla. Ninanuia kuonyesha kwamba kiwanja cha ndege hakilindwi kwenye ua wake. Hulindwa nje ya ua huo, mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na kwa sababu hiyo wenyeji wanaoishi huko nje huingizwa katika vita wasivyovianzisha.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kilipokutana na chombo kirukacho hakikuhangaika kuunda msamiati mpya. Kilichukua neno *ndege* na kuliachia upatanisho wa kisarufi kazi ya kutenga maana: ndege *ameruka* ni kiumbe, ndege *imeruka* ni mashine. Ni mbinu ile iliyolifanya neno *mzinga* litaje makao ya nyuki na pia silaha nzito ya vita. Lakini kuna kinaya hapa ambacho wanaisimu wetu hawajakitilia maanani vya kutosha. Katika jamii za wakulima wa pwani na bara, msamiati wa ulinzi umefungamana na ndege kwa namna iliyo kinyume. Mkulima *huamia* shamba lake, akakaa juu ya *dungu* na *kumbwewe* mkononi, ili ndege wasile mpunga au mtama. *Lindo* ni mahali pa kulindia mazao yasiliwe na ndege na wanyama. Mwaka 1915 lugha iliyozoea kulinda dhidi ya ndege ilijikuta ikitakiwa kuilinda ndege yenyewe.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi Agosti 1914, Wajerumani walivuka mpaka na kuiteka Taveta katika mwezi huohuo. Kutoka hapo walikuwa na njia ya kuifikia reli ya Uganda, mshipa uliobeba kila kitu kutoka Mombasa hadi Nairobi na kwingineko. Makundi madogo ya askari, wengi wao Waafrika wakiongozwa na Wajerumani wachache, yalipenya nyikani usiku yakiwa yamebeba baruti, yakaitega chini ya mataruma na kutoweka kabla ya mapambazuko. Waingereza nao waliamua kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea mpakani. Ujenzi ulianza mapema mwaka 1915, na kufikia mwezi Juni reli ilikuwa imefika Maktau. Mbele yake palikuwa na Mbuyuni, ambapo Waingereza walijaribu kuwafukuza Wajerumani tarehe 14 Julai 1915 na kushindwa.

Ndege za kwanza zilifika Maktau kwa njia ya mzunguko. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na jeshi la majini la Uingereza lilileta ndege katika kisiwa cha Mafia ili marubani waielekeze mizinga ya meli zao. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold waliendelea kupeleka ishara za shabaha hata baada ya ndege yao kupigwa na kuanza kushuka. Ilianguka majini, wote wawili wakaokolewa, na Königsberg ikaangamia siku hiyo. Kazi ya Rufiji ilipokwisha, baadhi ya mashine hizo na watu wake walihamishiwa Maktau. Wanamaji, basi, wakawa wanaishi katika nyika kame, ambako hata maji yaliletwa kutoka upande wa vilima vya Bura.

Msomaji atauliza: ndege hizo zililindwa dhidi ya nani? Si dhidi ya ndege za adui. Wajerumani wa Afrika Mashariki hawakuwa na kikosi cha angani. Ndege moja iliyokuwapo katika koloni lao vita vilipoanza iliharibika mapema. Adui wa kwanza wa mashine za Maktau alikuwa jua. Ndege za wakati ule zilikuwa fremu za mbao zilizofunikwa kitambaa na kuunganishwa kwa gundi na nyaya. Mbao zilipinda kwa joto, kitambaa kililegea, na hewa ya moto, ambayo ni nyepesi, haikuwa na nguvu ya kutosha kuinua mabawa. Kwa hiyo marubani walipendelea kuruka alfajiri. Kuiacha ndege nje mchana kutwa kulikuwa sawa na kuiharibu, hivyo banda lenye kivuli lilikuwa sehemu ya ulinzi kama ilivyokuwa bunduki. Vumbi liliingia katika injini, na injini iliyozimika juu ya nyika ya miiba ilimshusha rubani mahali ambapo kumfikia kungechukua siku nzima au zaidi.

Adui wa pili alikuja kwa miguu. Kambi za reli zilizungushiwa boma la miiba na mahandaki, na ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles, vikosi vya Wahindi, na Waingereza wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Boma lilitosha kumchelewesha mtu, lakini halikuweza kumzuia aliyekusudia kuikata reli kilomita 10 nyuma ya kambi, ambapo hapakuwa na boma. Bila reli hapakuwa na petroli, wala vipuri, wala maji. Ndiyo maana doria zilitumwa mbali. Tarehe 3 Septemba 1915 kundi moja la askari wa farasi lilivamiwa karibu na Maktau. Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, alijeruhiwa mguuni. Wenzake walipotaka kumwondoa alikataa kuwaacha majeruhi ambao hawakuweza kuhamishwa, akafa pamoja nao. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross baada ya kifo chake, na kaburi lake lipo Voi. Kijuujuu Dartnell alikuwa akipigania reli tu. Kwa hakika vita vya namna hiyo ndivyo vilivyoziwezesha ndege kuruka asubuhi iliyofuata.

Mwezi Januari 1916 Waingereza waliikalia Mbuyuni, na mwisho wa mwezi huo kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps kiliwasili Mombasa kutoka Uingereza. Kiliundwa kwa kiasi kikubwa na Waafrika Kusini waliokuwa wamepigana katika koloni la Kijerumani la Kusini Magharibi mwa Afrika, na kiliongozwa na Meja G. P. Wallace. Kilikuwa na ndege aina ya BE2c na Henri Farman. Mmoja wa wapelelezi wake wa angani, Leo Walmsley, aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, alichapisha kitabu kuhusu maisha hayo mwaka 1920. Jina la kiwanja lilimfaa mgeni na mwenyeji pia: mbuyu ni alama inayoonekana kutoka mbali, na katika nyika isiyo na mto wala mnara, rubani alihitaji alama.

Hata hivyo, macho ya angani hayakuwa na uwezo uliodhaniwa. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Waafrika Kusini ilitumwa kuushambulia mlima wa Salaita, ulio kati ya Mbuyuni na Taveta. Makamanda waliamini kwamba waliokuwa mlimani ni mamia machache. Walikuwa zaidi ya 1,000, na walikuwa na bombomu. Mizinga ya Waingereza iliyapiga mahandaki yaliyoonekana kileleni, ilhali watetezi walikuwa wamejificha chini, kwenye vichaka vya miteremko. Waafrika Kusini walirudishwa nyuma kwa hasara ya watu zaidi ya 130, wakiwamo waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na kikosi cha 130 cha Wabaluchi kutoka India ndicho kilichowasaidia kuondoka salama. Yapo mambo mengi ya kusema kuhusu dharau za rangi zilizokuwa kambini kabla ya siku ile. Hapa itoshe kusema kwamba kichaka humficha mtu asionwe na rubani, na kwamba mtu huyohuyo ndiye anayeweza kukifikia kiwanja usiku.

Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, Waingereza waliirudisha Taveta, wakapigana vikali kwenye vilima vya Latema na Reata, wakaingia Moshi. Kikosi cha 26 kikafuata jeshi kuelekea kusini, kikihama kutoka uga hadi uga hadi kufika Morogoro. Kila uga ulipaswa kufyekwa vichaka, kung'olewa visiki na kufukiwa mashimo, na kila debe la petroli lililokwenda mbali na reli hatimaye lilibebwa kichwani. Wapagazi hao, waliosajiliwa katika Carrier Corps, walikufa kwa maelfu mengi, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao limebaki katika mitaa ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Mnunuzi wa vitenge sokoni leo hatarajiwi kufikiri juu ya petroli ya ndege, lakini mwanafunzi wa etimolojia anatarajiwa.

Sasa tutazame mbele. Waingereza walilitambua rasmi tatizo la viwanja baada ya kuupoteza uwanja wa Maleme, katika kisiwa cha Krete, mwezi Mei 1941, ulipovamiwa na askari wa miamvuli wa Ujerumani. Tarehe 1 Februari 1942 waliunda RAF Regiment, jeshi la nchi kavu lililo ndani ya jeshi la anga, ambalo kazi yake kuu ni kulinda viwanja. Nchini Afghanistan askari hao walizunguka vijiji vilivyo nje ya Kandahar na Bastion, kwa magari na kwa miguu, kwa kuwa roketi inayolenga uwanja hufyatuliwa kutoka umbali wa kilomita kadhaa, si kutoka langoni. Pamoja na hayo, usiku wa 14 Septemba 2012 wapiganaji 15 wa Taliban, waliovaa sare za jeshi la Marekani, waliukata ua wa Bastion. Waliwaua wanamaji wawili wa Marekani na kuteketeza ndege sita aina ya Harrier. Baadhi ya minara ya ulinzi haikuwa na mtu usiku huo. Kwetu nako, alfajiri ya 5 Januari 2020, Al-Shabaab waliuvamia uwanja wa Manda katika Kaunti ya Lamu, wakawaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege.

Teknolojia ya Bastion haiwezi kulinganishwa na boma la miiba la Maktau. Swali lililo nyuma ya vyote viwili, hata hivyo, ni lilelile: mtu anayeonekana akipita karibu na kiwanja ni mkulima, mchungaji, au jasusi? Jeshi geni ambalo halijui lugha ya mahali hushindwa kulijibu, na linaposhindwa hujibu kwa kuwashuku wote.

Watu wa Kasigau walilipata jibu hilo. Mlima wao uko kusini mwa Voi, na anayeukalia anaweza kuifikia reli ya Uganda kwa urahisi. Wajerumani waliuteka katikati ya mwaka 1915. Waingereza waliwashutumu wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha adui njia, na mwezi Agosti mwaka huo wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, mbali na mlima, mashamba na makaburi yao. Shutuma ilielekezwa kwa jamii nzima, wakubwa kwa watoto. Wengi walifia ugenini kwa maradhi ya pwani ambayo miili yao haikuyazoea. Mwezi Desemba 1915 Wajerumani waliuteka mlima huo tena, ilhali waliodaiwa kuwa ndio wasaliti walikwisha kuondolewa. Vita vilipohamia kusini mwaka 1916, viwanja vya Maktau na Mbuyuni havikuhitaji tena kulindwa na yeyote. Hata hivyo, baadhi ya Wakasigau hawakurejea mlimani kwao hadi miaka ya 1930, wakakuta mashamba waliyokuwa wakiyaamia yamegeuka msitu.